Shangazi Seline Naye Ahesabiwe

Jacinta alikuwa mchuuzi wa samaki. Aliishi Asembo Bay kwa mume wake, na kila Alhamisi alileta mbuta wa kukaanga mjini Kisumu. Akishawahudumia wateja wake, alipita mtaa wa Kaloleni kumwona mdogo wake, Calvince. Hakuwahi kwenda mikono mitupu. Alimbakizia kichwa cha mbuta, kwa sababu Calvince alipenda kichwa kuliko minofu.

Calvince alikuwa fundi wa makochi. Watu walimjua kwa mikono yake. Aliweza kubeba kochi la watu watatu peke yake mpaka kwenye mkokoteni, huku anapiga mluzi.

Alhamisi moja Jacinta alimkuta ameketi juu ya fremu ya kochi isiyo na godoro. Nyundo ilikuwa mapajani. Alikuwa anahema kama mtu aliyetoka kukimbia, na jua lilikuwa bado halijafika utosini.

"Umemaliza kazi mapema leo," Jacinta alisema.

"Sijaanza."

Jacinta aliweka beseni chini. Akamshika mkono, akaugeuza. Kucha zilikuwa nyeupe kama tumbo la samaki ngege.

"Ulienda hospitali?"

"Nilienda zahanati hapo barabarani. Kwanza walisema malaria. Nikarudi, wakasema taifodi. Sasa wanasema damu ni kidogo, wamenipa vidonge vya kuiongeza."

"Na damu yako inaenda wapi?"

"Ningejua, dada, si ningeifuata?"

Mlango wa pili ulifunguka. Wangu, jirani yake, alitoka na kikapu cha viazi. Wangu alitoka Nyeri zamani, akauza viazi Kisumu mpaka Kisumu ikawa kwao. Mtaani walimwita Mama Shiku, kwa jina la binti yake. Miaka iliyopita alipata saratani katika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, karibu na njia ya haja kubwa. Madaktari walimtibu akapona, lakini tangu hapo haja yake hutokea kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Hakulificha jambo hilo. Foleni ya choo cha mtaa ikiwa ndefu, aliwacheka majirani zake: "Mimi natembea na choo changu. Nyinyi endeleeni kupanga mstari."

"Mama Shiku," Jacinta alimwambia, "mwangalie huyu jirani yako."

"Nimemwangalia mwezi mzima. Nikimwambia aende akapimwe tumbo, ananicheka."

"Mimi si mgonjwa kama wewe," Calvince alisema. "Wewe ulikuwa unaona damu chooni. Mimi sijaona hata tone moja. Na choo changu kinatoka vizuri, uliza mtu yeyote kwenye foleni."

Wangu hakucheka. Aliweka kikapu chini.

"Nani alikwambia ugonjwa unabisha mlango mmoja tu? Sikiliza, Calvince. Mwanamke akipungukiwa damu, watasema ni hedhi, ni uzazi. Mwanamume hana hedhi. Akipungukiwa damu, kuna mahali inavuja. Daktari wangu aliniambia hivyo, na aliniambia niwaambie watu. Kumpa mtu vidonge bila kutafuta mahali panapovuja ni kujaza debe lililotoboka."

Jacinta alihisi uso ukimwaka moto. Mara tatu mdogo wake alikwenda zahanati. Mara tatu walimrudisha na bahasha ya vidonge. Hakuna aliyeuliza.

"Naenda kwa hao watu sasa hivi," alisema. "Wataniambia walikuwa wanaangalia nini."

"Utafika, utapiga kelele, halafu?" Wangu alisema. "Hasira hiyo usiimwage hapo barabarani. Ibebe. Kesho umpeleke nayo hospitali kubwa, na usitoke mpaka mtu amuangalie utumbo."

Jacinta hakurudi Asembo Bay siku hiyo. Alilala kwa Calvince, na asubuhi wakaenda.

Katika hospitali kubwa walipima damu, wakapima na choo. Calvince hakuwa ameona damu chooni, lakini kipimo kiliiona. Kisha alipewa dawa ya kusafisha utumbo, na daktari akapitisha mpira mwembamba wenye kamera ndogo mpaka ndani. Kamera ilikuta uvimbe upande wa kulia wa tumbo, pale utumbo mpana unapoanzia. Walikata kipande kidogo, wakakipeleka maabara. Ilikuwa saratani.

Daktari aliitwa Waliaula. Alikuwa mama wa makamo asiyeinua sauti. Aliwaita Calvince na Jacinta ofisini. Baba yao mdogo, Ondiek, alikuwa ametoka nyumbani Seme asubuhi hiyo baada ya kupata habari. Baba yao mzazi alikuwa amekufa zamani, kwa hiyo Ondiek ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Alikaa kiti cha mbele, kofia yake ikiwa juu ya goti.

"Mbona mimi sikuona damu?" Calvince aliuliza. "Jirani yangu aliona."

"Utumbo mpana ni kama mto," daktari alisema. "Upande wa kulia ni mpana, na uchafu wake bado ni majimaji. Uvimbe ukiota huko unaweza kukua sana bila kuziba njia. Unavuja kidogo kidogo, damu inachanganyika na choo, macho hayaioni. Mtu anachoka, anapauka, anahema. Ukiwa upande wa kushoto, au mwishoni kama kwa jirani yako, njia ni nyembamba na choo ni kigumu. Huko mtu anaona damu nyekundu, au choo kinabadilika, kinakuwa chembamba, au anahisi hajamaliza. Yote ni saratani ya utumbo mpana, lakini haziko sawa."

Kisha akauliza, "Katika familia yenu, nani mwingine aliugua saratani?"

Jacinta alifungua mdomo, lakini Ondiek alishaanza. Ndivyo ilivyokuwa kwao. Mzee akiwepo, yeye ndiye anayesema.

"Kwetu hakuna," Ondiek alisema. "Ndugu yangu, baba wa hawa, alikufa kwa tumbo, lakini ile haikuwa saratani. Ilikuwa chira."

"Chira ni nini kwenu?" daktari aliuliza, ingawa alijua. Alitaka mzee aseme mwenyewe.

"Ni mkosi wa kuvunja mwiko. Mke wake alipanda mahindi kabla ya mama mkwe kuanza kupanda. Mwaka huohuo mume akaanza kukonda."

Jacinta alitazama sakafu. Mama yake, Amolo, alikuwa ameishi na maneno hayo mpaka kaburini. Kisimani wanawake walimpisha kama mtu mwenye upele. Kwenye matanga alikaa peke yake. Mwaka ule mvua iliwahi, mama mkwe alikuwa mgonjwa kitandani, na watoto walihitaji kula. Akapanda. Hilo ndilo kosa lake lote.

"Baba yao alikufa akiwa na umri gani?" daktari aliuliza.

"Hakufika hamsini."

"Na ndugu zako wengine? Dada zako?"

"Dada zetu waliolewa," Ondiek alisema, kana kwamba hilo ni jibu.

Na kwake lilikuwa jibu. Binti akiolewa, huenda kwa mume. Akifa huzikwa kwa mume, na kifo chake ni cha boma lile. Watu wa kwao huja kulia, kisha hurudi nyumbani. Jacinta mwenyewe alikuwa amefikiri hivyo maisha yake yote. Alimlilia baba yake Seme, akamlilia shangazi yake Seline kule Nyakach, na hakuwahi kuviweka vifo hivyo viwili pamoja. Sasa aliviweka. Akakasirika, kwanza na mzee, halafu na yeye mwenyewe.

"Waya Seline alikufa kwa saratani ya kizazi," alisema. Waya ni shangazi kwa Kijaluo. "Huko Nyakach, Pap Onditi. Alitoka damu miezi mingi. Naye hakufika hamsini."

"Jacinta," Ondiek alisema, "wazee wanaongea."

"Basi wazee waongee ukweli."

"Huyo ni mtu wa Nyakach. Walimwoa kwa ng'ombe wao, wakamzika. Daktari ameuliza familia yetu."

"Alizaliwa na nani, Baba mdogo? Ng'ombe walilipa hata tumbo alilotoka?"

Calvince alijikuna shingo. Ondiek alichukua kofia yake gotini, akaivaa humohumo ndani, kisha akakumbuka akaivua.

Daktari Waliaula alimgeukia Jacinta. "Kizazi chenyewe, au mlango wa kizazi?"

"Kizazi chenyewe. Nilikuwa naye walipomwambia."

"Umefanya vizuri kusema. Hilo moja linabadilisha kazi yetu."

Calvince alifanyiwa upasuaji. Walitoa kipande cha utumbo chenye uvimbe, wakaunganisha pande mbili zilizobaki. Hakuhitaji mfuko. Wangu alipokuja kumtazama wodini, alimwambia, "Naona wewe utaendelea na foleni." Calvince alicheka huku ameshika kidonda, akamwomba asimchekeshe tena.

Majibu ya maabara yalipotoka, daktari aliwaita wote. Safari hii Wangu naye alikuwepo, kwa sababu Calvince alimwomba akae.

"Habari njema kwanza," daktari alisema. "Saratani haikuwa imefika kwenye tezi wala mahali pengine. Tumeitoa yote tuliyoiona. Hatutakupa dawa za saratani za kutundikiwa mshipani. Utakuwa unakuja kuangaliwa."

Ondiek aliinama mbele. "Huyu mama alipewa mionzi, akapewa dawa za mshipani. Kwa nini kijana wetu anyimwe? Au kwa sababu sisi ni watu wa kijijini?"

Jacinta naye alikuwa ameshaanza kuchemka. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo, yeye na mzee walikuwa upande mmoja.

"Swali zuri," daktari alisema. "Mwili wetu umejengwa kwa seli, vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli kuna maagizo ya kazi. Maagizo hayo tunayaita jeni. Seli ikizaa seli nyingine, inanakili maagizo. Kunakili kuna makosa. Kwa hiyo mwili una wakaguzi, kazi yao ni kupita nyuma na kusahihisha. Tumeangalia uvimbe wa Calvince. Mkaguzi mmoja hayupo. Makosa yakarundikana haraka, saratani ikaota."

"Na wangu?" Wangu aliuliza.

"Wako walikuwepo wote. Saratani yako ilipita njia nyingine. Makosa mengine yaliongezeka polepole kwa miaka. Hiyo ndiyo aina ya watu wengi. Ilikuwa mwishoni mwa utumbo, mahali pa kubana, kwa hiyo mionzi na dawa kabla ya upasuaji vilikufaa. Aina ya Calvince, ikiwa haijasambaa, mara nyingi haipati faida kwa ile dawa ya kawaida. Tungempa tu kichefuchefu. Ingekuwa imesambaa, kuna dawa za kuamsha kinga ya mwili ambazo aina yake huzisikia vizuri, na aina yako kwa kawaida haizisikii. Ndiyo maana mgonjwa asiazime dawa ya jirani, hata kama jina la ugonjwa ni moja."

"Kwa hiyo hatujanyimwa," Ondiek alisema taratibu.

"Hamjanyimwa. Sasa sikilizeni la pili. Mkaguzi anaweza kupotea kwa njia mbili. Kwa watu wengine, hasa wazee, ananyamazishwa ndani ya uvimbe peke yake, na hilo halirithiwi. Lakini mtu anaweza pia kuzaliwa na mkaguzi mbovu kutoka kwa mzazi. Calvince ni kijana. Baba yake alikufa kwa tumbo mapema. Shangazi yake alikufa kwa saratani ya kizazi mapema, na saratani hiyo hutembea pamoja na hii ya utumbo katika familia za namna hii. Nataka kupima damu."

Damu ya Calvince ilipimwa, kisha ya Jacinta. Majibu yalichukua muda. Yalipofika, yalisema kitu kimoja kwa wote wawili. Walizaliwa na jeni hiyo ya mkaguzi mbovu.

"Ilitoka kwa mama?" Ondiek aliuliza.

"Ilipita kwa baba," daktari alisema. "Yeye na Seline walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na wote wawili waliugua. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Haijali nani ameolewa wapi."

Jacinta alisimama. Miguu yake haikutaka kukaa.

"Basi mama yangu hakumuua baba," alisema. "Mlimtenga mpaka akafa. Mlimwita aliyepanda kwanza. Na kumbe kilikuwa ndani ya nyumba yenu, kinatembea. Aliyeingia mkamlaumu. Aliyetoka hamkumhesabu. Na mimi niliyetoka ninacho pia, Baba mdogo. Ningekufa Asembo Bay mngesema ni mambo ya Asembo."

Si kwamba Ondiek alikuwa mtu mbaya. Alikuwa bado kijana alipomzika kaka yake, na alihitaji sababu. Sababu iliyokuwa karibu ilikuwa mjane.

"Kuna nani mwingine?" daktari aliuliza. "Seline aliacha watoto?"

"Mmoja," Jacinta alisema. "Lornah."

Jacinta alikwenda Pap Onditi mwenyewe, akarudi bila kitu. Mume wa Seline, Absalom, alimpokea, akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakataa.

"Seline alipokufa, watu wenu walisimama hapa kwenye boma langu," alisema. "Walisema nilimdhulumu, nikamkondesha kwa mawazo. Leo mnarudi mnataka damu ya mtoto wangu. Ugonjwa wa Seme ubaki Seme."

Lornah mwenyewe, ambaye alikuwa mwalimu wa chekechea na aliishi kwa baba yake, alisimama mlangoni. Alikuwa tayari kwenda, lakini hakutaka kumvunja mzee wake.

Jacinta alimpigia Ondiek simu kutoka stendi ya Pap Onditi. Hakumsalimu.

"Wewe ndiye uliyemlaumu Absalom siku ya mazishi. Mimi hanisikii. Njoo umwambie mwenyewe. Lornah akifa, safari hii siwezi kunyamaza hata kwenye matanga."

Ondiek akasema, "Nisubiri hapo hapo."

Alifika mchana, amevaa koti lake la kanisani. Absalom hakuinuka kumlaki. Ondiek hakungoja kukaribishwa kiti.

"Shemeji," alisema, "nimekuja na jambo baya kulisema, kwa hiyo nitalisema nikiwa nimesimama. Ugonjwa uliomuua Seline ulitoka kwetu. Alikuja nao kwako bila kujua. Hukumkondesha. Nilisimama hapa nikakupaka tope mbele ya watu, na nilikuwa nimekosea. Mke wa kaka yangu nilimpaka pia. Yeye siwezi kumwomba msamaha. Wewe uko hai."

Absalom alitazama nje. Kuku walikuwa wanapekua majani chini ya dirisha.

"Ulikuwa na maneno makali siku ile," alisema hatimaye.

"Nilikuwa nayo."

"Mke wangu alikuwa anatoka damu, na mimi nauza mbuzi nimpeleke hospitali. Ukaniita muuaji."

"Nilikuita."

Absalom alimwita binti yake. "Lornah, vaa viatu. Nenda na hawa watu."

Damu ya Lornah ilionyesha kwamba naye alirithi. Siku ya kipimo cha kamera, Jacinta na Ondiek walikaa kwenye benchi nje ya chumba. Kamera ya Jacinta ilikuwa imepita salama mwezi uliotangulia, na alijua angerudi kila mwaka au miwili maisha yake yote. Daktari alimwambia pia asipuuze damu yoyote inayotoka ukeni nje ya wakati wake. Shiku, binti wa Wangu, hakuhitaji kipimo cha jeni, lakini aliambiwa aanze kuangaliwa utumbo mapema kuliko watu wengine, kwa sababu mama yake aliugua. Calvince alikuwa amerudi kwenye makochi, ingawa alikatazwa kubeba vizito kwa muda.

Daktari Waliaula alitoka.

"Amekutwa na vinyama viwili, upande wa kulia. Bado si saratani. Nimevitoa vyote palepale, hakuhitaji kupasuliwa."

"Na kama tungengoja?" Jacinta aliuliza.

"Kwa watu wengine, vinyama hukaa miaka mingi kabla ya kugeuka. Kwa watu wa aina yenu havikawii hivyo. Huyu alikuwa amepauka kidogo. Mngengoja, mngekuja na hadithi nyingine."

Daktari aliondoka. Jacinta alikaa tena kwenye benchi.

"Bado una hasira na mimi?" Ondiek aliuliza.

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Mama yangu hatarudi, kwa hiyo ile ya mama sijui itaisha lini. Lakini kuna nyingine. Sisi wote tumetolewa damu, na wewe hujatoa mkono. Una watoto. Ukikutwa huna, watoto wako wamepona hofu, kwa sababu huwezi kuwapa kitu usichokuwa nacho. Ukikutwa nayo, waje wapimwe. Kwa sasa unawaweka gizani."

"Mimi ni mzee, Jacinta. Sijawahi kuumwa tumbo."

"Calvince naye alisema hajaona damu."

Mzee akavua koti lake la kanisani, akalikunja, akalilaza kwenye benchi. Akaanza kufungua kifungo cha mkono wa shati. Vidole vyake vilikuwa vizito, kifungo kikamshinda. Jacinta alimtazama kidogo, kisha akamsogelea, akamfungulia.

"Chumba cha kutoa damu kiko wapi?" Ondiek aliuliza.

Jacinta alisimama, akatangulia.